Siku Niliyomfungia Shangazi Njia

Kiangazi kilichopita nilipanda pikipiki kutoka Kasongo kwenda Wamaza, mimi na uzee wangu wote, kitambaa kichwani na koti la marehemu mume wangu juu ya kitenge, maana baridi ya asubuhi za kwetu haina adabu. Mjukuu wangu alikuwa anaoa. Tulipoingia kwenye kipande cha msitu kilichobaki nilikuwa nimeficha uso nyuma ya mgongo wa dereva, na niliposikia pikipiki imesimama nikachungulia. Tulikuwa mahali njia inapogawanyika mbili. Kijana ameshashuka, ameshika tawi bichi lenye majani, na kabla sijafungua mdomo akalitupa kichakani.

"Takataka tu, Mama," akasema. "Ilikuwa mu njia."

Rafiki yangu, nilipiga ukelele mpaka kijana wa watu akadhani nyoka ameniuma. Akaniuliza kuna nini. Ningemweleza nini, naye ana haraka ya kuwahi abiria wengine? Wewe huna haraka, basi kaa hapa nikueleze wewe. Nitajisifu kidogo, unisamehe. Sifa hizi nimezitunza tangu enzi za Wabelgiji na hazijaoza.

Mtu akisikia kiangazi hufikiri jua. Kwetu, upande wa Kabambare, mwezi wa sita na wa saba ni miezi ya kutetemeka. Mvua imekwisha, mbingu ni nyeupe, na ukungu unalala bondeni mpaka jua lipande juu ya michikichi. Tulikuwa tukiamka tukienda moja kwa moja jikoni kwa bibi, mama yake baba, ambaye wajukuu wote tulimwita Koko, kama ilivyo desturi ya kwetu. Koko alikuwa akipuliza makaa ya jana mpaka yakubali kuwaka, kisha anatutupia vipande vya muhogo majivuni. Tulikula tukiwa tumechuchumaa, moshi machoni, mgongo unaganda na uso unaungua. Hadi leo nikinusa muhogo wa kuchoma naona baridi.

Na kiangazi ndicho kilikuwa msimu wa wanawake kwenda msituni. Vijito vikipungua maji, wanawake na wasichana wa mtaa mzima walikuwa wakifunga safari ya siku moja, alfajiri kwenda na jioni kurudi, ili kukumba maji. Kijito kinazibwa juu na chini kwa matope na migomba, halafu mnainama mstari mmoja na kuteka yale maji ya katikati kwa vikapu na vibuyu mpaka samaki wabaki wanagaragara kwenye tope. Siku ile hakuna mume wa kupikia, hakuna pamba ya kuchuma. Mama zetu walikuwa wakibadilika wakishapita mti wa kwanza wa msitu. Walicheka kwa sauti ambayo nyumbani sikuwahi kuisikia.

Safari ilikuwa na sheria zake. Ya kwanza: hakuna kuuliza kama mmekaribia. Koko alisema njia ikisikia unaihesabu, inajirefusha. Ya pili: kwenye kila njia panda, anayetangulia anavunja tawi bichi na kulilaza kwa upana kwenye njia ambayo siyo. Hiyo ndiyo kufunga njia. Walio nyuma hata wakiachwa mbali wanaona tawi, wanajua pale hapapitwi. Na tawi la njia halirukwi, hata na mfalme. Anayeruka amejiitia mkosi mwenyewe. Ya tatu ilikuwa tamu: kichwa cha kambare mkubwa kuliko wote ni cha yule aliyewaongoza watu na kuwarudisha. Tangu nizaliwe nilikuwa naona kichwa kile kikienda kwa Koko, mwaka hadi mwaka, nami nikimeza mate.

Sasa nikuambie aibu yangu. Mwaka wa kwanza niliochukuliwa, miguu ilinishinda kabla jua halijafika utosini, nikauliza, "Koko, tumefika?" Watu wakacheka. Baadaye nikauliza tena. Mara ya tatu nikauliza nikilia. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mwanamke mwenye mdomo kuliko tarumbeta ya misioni, akanipa jina palepale: Tumefika. Nilifika nyumbani jina limenitangulia. Hata shuleni kwa masista waliniita Tumefika, na mwalimu siku moja akajisahau akaliita darasani.

Mwaka uliofuata, nikiwa na miaka kama kumi na moja, Shangazi alitaka niachwe nyumbani nilee watoto wachanga. Nililia siku mbili. Koko akakata shauri: nitakwenda, lakini nitakuwa mkia. Mkia ni mtu wa mwisho kabisa kwenye mstari, yule ambaye hana wa kuzungumza naye. "Na nikisikia tena ile neno," Koko akaniambia, "utalea watoto wa watu mpaka uolewe."

Mwaka ule mambo yalikuwa magumu pia kwa wakubwa. Kapita, yule msimamizi aliyewekwa na serikali kuangalia pamba na barabara, alikuwa amesikia kwamba Bwana Mzungu wa teritwari, mkuu wa wilaya yetu, anakuja kukagua. Hakutaka kumwachia mwanamke hata mmoja. Koko alimfuata kwake mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimemshika kitenge, nikasikia kwa masikio yangu.

"Siku moja tu," Kapita akasema. "Jua ikizama nitafanya apeli pale kwa barabara, nihesabu mutu kwa mutu. Kama mumoja anakosa, kiangazi yote hakuna mwanamuke wa kwenda mutoni. Na weye Koko utafyeka barabara pamoja na wafungwa."

"Sawa, baba," Koko akajibu. "Miguu yangu ingali iko."

Alijibu kama mtu anayeahidi kuleta chumvi. Lakini njiani kurudi nyumbani alinishika mkono kwa nguvu. Koko wakati ule alikuwa hawezi kuinama bila kushika kiuno. Niliwaza panga na wafungwa, nikaogopa sana.

Tuliondoka watu ishirini na wawili, ukungu mweupe, hata mgongo wa aliye mbele yako unauona nusu. Koko mbele na fimbo yake. Katikati wanawake na vikapu, akiwamo bibi harusi wa jirani. Jirani yetu alikuwa Mwislamu, muuza chumvi na vitambaa, na mwanawe alikuwa ameoa msichana kutoka Kasongo mjini, mwenye miguu laini na salamu ndefu. Alikuwa hajawahi kulala karibu na msitu. Alimsalimia kila mtu alfajiri ile kwa zamu, na kila mtu alipenda meno yake. Nyuma Shangazi na wasichana, na nyuma ya wasichana, mimi.

Unajua mkia anaona nini? Haoni ndege wala kima. Anaona visigino. Siku nzima niliangalia chini. Nilijua ufa wa kisigino cha kila mtu. Nilijua majani makavu yanalia vipi yakikanyagwa na yanalia vipi yasipokanyagwa. Midomo nilikuwa nimeiuma ili lile neno lisitoke.

Mwaka ule Koko alitupeleka kwenye kijito cha mbali, cha ukoo wa mama yake, ambacho yeye peke yake alikijua tangu usichana wake. Na kijito kilitupokea! Tulikumba maji tukiimba, baridi inauma mpaka mifupa, matope mpaka mapajani. Bibi harusi alianza kwa kushika samaki kwa ncha za vidole, akamaliza akiwa amelala kifudifudi juu ya kambare mkubwa kama mkono wa mtu mzima, anapiga kelele, "Nimemukamata! Nimemukamata!" Wanawake walicheka mpaka wengine wakakaa matopeni. Tukala wali wa jana uliofungwa kwenye majani mapana, mwekundu kwa mawese, na pilipili ya kutosha kumpasha mtu moto. Sijawahi kula wali wa namna ile mahali pengine.

Tulichelewa kwa sababu ya furaha. Koko alipotazama jua, uso wake ukabadilika. Akasema turudi kwa njia ya mkato, inapita nyuma ya kilima, yeye anaijua. Vikapu vikapandishwa vichwani vikiwa vinachuruzika maji na tope, tukaanza kutembea haraka, karibu kukimbia.

Hatukufika mbali, kamba ya kikapu cha Shangazi ikakatika. Samaki wakamwagika. Sisi watu saba wa nyuma tukasimama kuwaokota, Shangazi akitafuta ugwe wa msituni wa kufungia, akitukana kamba, akimtukana aliyeisuka. Wa mbele hawakujua. Tulipomaliza, nyimbo zao zilikuwa hazisikiki tena.

Tukafuata, tukafuata, tukafika njia panda. Njia moja pana, safi, imeshindiliwa na miguu ya wachukuzi wa zamani. Nyingine nyembamba, imefunikwa nusu na majani. Na hapakuwa na tawi kwenye hata moja.

Shangazi akaita, "Uuuu!" Tukasikiliza. Sauti ikajibu kutoka upande wa njia pana, kule kwenye kilima. "Munasikia? Wako kule," akasema. "Twende, jua inatuacha." Akaingia njia pana na kikapu chake, wasichana nyuma yake.

Mimi nikabaki nimesimama. Koko hawezi kusahau tawi. Angeweza kusahau jina langu, lakini si tawi. Nikatazama mti wa pembeni: kuna mahali pamevunjwa, pabichi, utomvu bado unatoka. Nikaangalia kichakani nikaliona tawi lenyewe limelala na majani yake. Kuna mtu amelitoa! Lilikuwa limefunga ipi?

Nikafanya nilichokuwa nikifanya tangu alfajiri, nikaangalia chini. Njia pana, hatua kumi: majani makavu, makavu kabisa. Njia nyembamba, hatua tatu, nne, tano, nikaona tone jeusi juu ya jani. Nikaligusa. Bado bichi. Nikanusa: tope la kijito, harufu ya kambare. Mbele yake lingine, na lingine. Na ile sauti ya kilimani ilikuwa ya Shangazi mwenyewe, kilima kilikuwa kimemrudishia.

Nikaita, "Shangazi! Siyo huko!" Akanijibu bila kugeuka, "Tumefika, funga kinywa!" Wasichana wakacheka. Nikamwona anatokomea, na ile njia, nilikuja kujua baadaye, ilikuwa inazunguka kilima chote na kumtoa mtu kijiji kingine, usiku. Akilini nikamwona Koko na panga mkononi, kati ya wafungwa.

Nisikilize vizuri hapa, rafiki, maana mtoto wa kwetu hafanyi hivi. Nilivunja tawi. Nikakimbia kwa kupitia kichakani, miiba ikanichana mikono, nikatokea mbele yao, nikalilaza lile tawi kwa upana wa njia, mbele ya miguu ya shangazi yangu, dada mkubwa wa baba yangu. Nikasimama nyuma ya tawi nikihema.

Shangazi aliinua mguu. Aliuinua, nakuapia, na ukabaki hewani. Halafu akaushusha palepale ulipotoka.

"Weye mutoto," akasema polepole, "unamufungia nani njia?"

"Wewe, Shangazi. Majani ya hapa iko makavu. Wale wanabeba samaki, wanadondosha maji. Matone iko kule. Kuja uangalie."

"Na kama unanidanganya?"

"Nitalea watoto mpaka niolewe."

Angeweza kunipiga, nami nisingelia. Lakini tawi lilikuwa limelala kati yetu, na hata Shangazi, na mdomo wake wote, hakuwa mtu wa kuruka tawi. Aligeuka. Akaenda hadi njia nyembamba, akainama kwa shida na kikapu kichwani, akagusa tone, akanusa kidole. Akaingia njia nyembamba, akanionyesha kwa kidevu nipite mbele.

Mbele! Mkia akawa kichwa. Nilitembea nikisoma matone, kwenye mawe, kwenye mizizi, na yalipokuwa haba nilisimama, na watu wazima wakasimama nyuma yangu, wakangoja. Kisha tukakimbia. Jua lilikuwa limekaa juu ya michikichi tulipotokea barabarani. Kapita amesimama na fimbo anahesabu, "kumi na ine, kumi na tano," na Koko yuko pembeni, hatazami watu, anatazama msitu. Alipotuona alishika kiuno kwa mikono miwili. Kapita akahesabu hadi ishirini na moja, fimbo ikanifikia mimi. Ishirini na mbili! Akatafuta jua, jua bado lipo, ukucha tu, lakini lipo. Akatema mate, akaenda zake. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba.

Hapo ndipo bibi harusi alipoanza kulia. Alikuwa wa mwisho katika kundi la katikati, na alipofika njia panda aliona tawi limelala njiani.

"Mie ndiye nililitosha, nikalitupa kichakani," akasema. "Kwetu Kasongo tangu utoto wanatufundisha: kitu ya kukwaza watu ikiwa mu njia, itoshe, utapata sawabu. Niliwaza mama mwenye mutoto mugongoni ataanguka."

Shangazi alifungua mdomo, lakini Koko alikuwa wa kwanza. "Mwanangu, kwenu njia inafagiwa," akasema. "Kwetu inasomwa. Umetenda wema, na wema hauulizi njia. Kesho nitakufundisha." Akampangusa machozi kwa kitenge chenye matope. Na kweli alimfundisha. Miaka iliyofuata bibi harusi ndiye aliyevunja matawi, na hakuna aliyeyalaza vizuri kama yeye.

Jioni ile Koko alipika kichwa cha kambare, yule wa bibi harusi, ndani ya majani, na mawese na chumvi ya jirani. Akakitoa mbele ya watu wote. Nilijua kinakokwenda. Lakini hakukipeleka kinywani mwake mwenyewe, akampa Shangazi sahani aibebe, na Shangazi akaileta mpaka nilipokaa, mwisho wa mkeka.

"Shika, Tumefika," akasema. "Leo umetufikisha."

Nilikula kichwa kile chote, rafiki. Nilifyonza mifupa. Watoto wenzangu walinitazama kama nilivyokuwa nikimtazama Koko, na sikumgawia hata mmoja. Nilikuwa na furaha kiasi cha kuona aibu. Jina halikuondoka, waliniita Tumefika mpaka nilipoolewa, ila tangu usiku ule nililiitikia kwa kifua mbele.

Koko hayupo, Shangazi hayupo, na bibi harusi tulimzika Kasongo akiwa na vitukuu. Kijito kile, wanasema, wachimbaji wa dhahabu wamekigeuza maji ya chai ya maziwa, kambare amekwenda kusikojulikana. Kiangazi chenyewe siku hizi hakiumi kama zamani, au labda ni lile koti. Wanawake wanapanda pikipiki. Siwalaumu, nami nimepanda. Lakini juu ya pikipiki mtu haoni visigino vya mwenzake.

Basi pale njia panda nilimwambia kijana azime injini. Nikashuka, magoti yanalalamika, nikamuuliza tawi lilikuwa limefunga njia ipi. "Sijui, Mama. Ilikuwa hapo katikati tu. Kwa pikipiki njia zote zinafika."

Nikainama. Kulia, majani makavu. Kushoto, hatua nne hivi, nikaona tone jeupe juu ya jani, na mbele yake lingine. Nikaligusa na kunusa: muhogo uliolowekwa, mwanamke amepita na kikapu kichwani, si muda mrefu. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Macho yangu hayasomi tena hata Biblia ya herufi kubwa, lakini tone nililiona!

"Leta ile tawi," nikamwambia. "Ilaze huku, kulia. Kwa upana. Hapana hivyo, kwa upana."

Akalilaza. Akasimama akilitazama, kisha akatazama nyuma, njia tupu, ukungu mtupu.

"Mama, huko nyuma nani anakuja?"

"Sijui," nikamwambia. "Ndiyo maana tunaifunga."